Swichi Isiwe Mkononi mwa Anayesemwa: Barua ya Wazi kwa Wabunge wa Tanzania

Jumeirah Lake Towers,
Dubai.

Waheshimiwa Wabunge,
Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Dodoma.

Kupitia kwa: Mheshimiwa Spika

YAH: MAREKEBISHO YA SHERIA ZA HABARI NA MAWASILIANO

Waheshimiwa,

Mimi ni Mtanzania, mhasibu katika mojawapo ya maelfu ya kampuni zilizosajiliwa kwenye minara hii. Naandika kwa heshima, ila sitazunguka mbuyu.

Wiki iliyopita, ndani ya lifti ya jengo ninamokaa, ilibandikwa karatasi. Maji yatakatwa Jumanne, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, kwa sababu pampu inabadilishwa. Mwenye swali apige namba hii. Chini pana muhuri na sahihi. Niliisoma hadi lifti ikapita ghorofa yangu. Yaliyonishika ni mambo matano yaliyoandikwa pale: nani anakata, kwa nini, tangu lini, hadi lini, na nani wa kuulizwa. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ya nchi yetu nzima ilipozimwa, sikupata hata moja kati ya hayo matano.

Jioni ile nilimwandikia mama, anayeishi Mbagala, nimuulize kama ametoka na kama amerudi salama. Tiki moja. Nikangoja, bado tiki moja. Hapa Dubai simu za WhatsApp hazipigiki, kwa hiyo tumezoea kuandikiana na kutumiana ujumbe wa sauti. Nilipojaribu simu ya kawaida, iliita mara moja ikakatika, na baada ya hapo haikuita tena.

Kufika saa tatu usiku tulikuwa Waswahili saba kando ya ziwa, haya maziwa ya kuchimbwa yaliyozungukwa na minara, kila mmoja ameinamia simu yake. Kulikuwa na mpishi wa Tanga, dada wa Moshi anayefanya kazi saluni, na mlinzi wa Kisii ambaye uchaguzi haukuwa wake lakini alikaa nasi. Mmoja wetu ana ndugu Namanga anayetumia laini ya Kenya, akawa ndiye redio yetu. Saa nne ikaingia sauti ya mtu asiyejulikana: mtaa fulani wa Mbagala umeteketea, haikubaki nyumba. Ulikuwa mtaa wa mama.

Niliishi na mtaa huo ulioteketea hadi Jumatatu, tarehe 3 Novemba, tiki zilipokuwa mbili. Mama mzima, nyumba ipo, mtaa upo. Presha tu ilikuwa imempanda, maana pesa ya dawa niliyoituma haikumfikia. Mimi nilibahatika. Zipo simu ambazo tiki zilirudi mbili na hakukuwa na wa kusoma.

Hoja yangu ni moja, na hizi sita zinazofuata ni matawi yake: swichi ya habari isikae mkononi mwa yule ambaye habari hiyo inamsema.

1. Ahadi ni yenu

Mtaniuliza: wewe uko Dubai, mbona huanzii hapo ulipo? Swali la haki. Hapa mimi ni mgeni, na mgeni hufuata kanuni za mwenye nyumba. Sheria ya Emirati ya mwaka 2021 ya kupambana na uvumi na uhalifu wa mtandao inasema anayeeneza uvumi au habari za uongo mtandaoni atafungwa si chini ya mwaka mmoja na kutozwa faini isiyopungua dirhamu 100,000. Ni sheria kali, na niliisoma kabla sijaandika lolote. Nchi hii haipigi kura kama tupigavyo sisi, na haikuwahi kuniahidi kwamba nitaikosoa serikali yake.

Ninyi mliniahidi. Ibara ya 18 ya Katiba yetu inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kuyaeleza, haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari bila ya kujali mipaka ya nchi, uhuru wa kuwasiliana bila kuingiliwa, na haki ya kupewa taarifa wakati wote juu ya matukio yanayogusa maisha yake. Hayo maneno ya mipaka ya nchi huwa nayasoma mara mbili, kama vile yaliandikwa kwa ajili yetu tuliokaa kando ya ziwa usiku ule. Mwenyeji wangu simdai kitu. Ninyi nawadai, ndiyo maana barua hii imekuja Dodoma.

2. Mipaka ipo kila mahali, swali ni nani anaishika

Sisemi kila neno liachwe lipite. Ujerumani, mtu akikana mauaji ya halaiki ya Wayahudi anashtakiwa. Uingereza, gazeti likiandika la kuharibu kesi iliyo mahakamani, mhariri anaweza kwenda jela. Hata Marekani ina sheria ya kashfa, ila tangu hukumu ya New York Times dhidi ya Sullivan ya mwaka 1964, kiongozi wa umma anayelalamika lazima athibitishe kwamba mwandishi alijua anasema uongo, au hakujali kama ni uongo. Ufaransa ilikuwa na kosa la kumtukana Rais ndani ya sheria yake ya magazeti ya mwaka 1881. Ikalifuta mwaka 2013.

Nchi hizi hazifanani. Lakini kila sheria ya habari, ya kwao na ya kwetu, inaweza kuulizwa maswali matatu. Nani anaamua kwamba neno limevuka mpaka? Anaamua kabla au baada ya kuwasikiliza wote? Na aliyeonewa anakata rufaa wapi? Kwao, jibu la swali la kwanza mara nyingi ni hakimu. Kwetu limekuwa waziri, mkurugenzi au kamati.

3. Swichi ya magazeti

Kizazi changu kilikulia chini ya Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976. Kwa sheria hiyo gazeti la MwanaHALISI lilifungiwa bila kikomo Julai 2012, na Septemba 2013 Mwananchi likafungiwa siku 14, Mtanzania siku 90. Mlipotunga Sheria ya Huduma za Habari mwaka 2016 tulidhani tumevuka mto. Kumbe kifungu cha 59 kilimwachia waziri uwezo wa kuzuia chapisho kwa sababu za usalama, na gazeti likatakiwa kuishi kwa leseni. Mwaka 2017 peke yake Mawio lilifungiwa miezi 24, MwanaHALISI miezi 24, Raia Mwema na Tanzania Daima siku 90 kila moja. Februari 2019 The Citizen likafungiwa siku saba kwa habari ya kushuka kwa shilingi, jambo ambalo mimi nalisoma kila siku kwenye ubao wa duka la kubadilishia fedha karibu na stesheni ya metro.

Tarehe 28 Machi 2019 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, katika kesi iliyofunguliwa na Baraza la Habari Tanzania, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu, ilisema vifungu vingi vya sheria hiyo, vikiwemo vya habari za uongo, vya uchochezi na hicho cha 59, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Nawapa haki yenu: mwaka 2023 mlifuta jinai ya kashfa na kulegeza baadhi ya adhabu. Na tarehe 10 Februari 2022 waziri wa wakati huo aliyarudishia leseni magazeti manne: MwanaHALISI, Mawio, Mseto na Tanzania Daima. Nilishangilia. Kisha nikajiuliza: kama kalamu ya waziri mmoja imefungua, kalamu ya mwingine itashindwaje kufunga? Kilichotolewa kwa hisani hakina hati.

4. Swichi ya mtandao

Mwaka 2018 zikaja Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni. Mwenye blogu akatakiwa alipe shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni, na 1,000,000 nyingine kila mwaka. Kijana aliyekuwa akiandika habari za mtaa wake kwa simu ya kioo kilichopasuka akawa anadaiwa kama kampuni. Ada zilipunguzwa baadaye, lakini mfumo ulibaki: Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) inatoa leseni, Kamati yake ya Maudhui inasikiliza shauri, na adhabu inatoka kwenye jengo hilohilo.

Katika kazi yangu, mtu mmoja akiagiza mali, akaipokea mwenyewe na akasaini malipo yake mwenyewe, mkaguzi hangoji kumkuta na wizi ndipo aandike hoja. Kutenganisha majukumu ni somo la mwanzo kabisa la uhasibu. Sheria zetu za mawasiliano zimelikwepa.

Matokeo mnayajua. Julai 2020 Kwanza Online TV ilisimamishwa miezi 11 baada ya kusambaza tahadhari ya ugonjwa wa korona iliyotolewa na Ubalozi wa Marekani. Tarehe 2 Oktoba 2024 leseni za mtandaoni za Mwananchi Communications zilisimamishwa siku 30 kwa sababu ya video ya katuni iliyogusa habari za watu waliopotea. Mei 2025 mtandao wa X ukafungwa. Tarehe 6 Septemba 2025 JamiiForums ikasimamishwa siku 90. Hesabuni wenyewe: siku 90 kutoka hapo zinaivuka siku ya kura.

5. Majirani wana maradhi yaleyale, ila wengine wana dawa

Kenya nao wana sheria walizorithi kwa mkoloni yuleyule. Januari 2018, Raila Odinga alipojiapisha Uhuru Park, NTV, KTN na Citizen TV zilizimwa, na hata mahakama ilipoamuru ziwashwe, serikali ilichukua siku kadhaa kutii. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu na bloga, alikufa mikononi mwa polisi baada ya kukamatwa kwa andiko la X. Siwapambi. Lakini tarehe 6 Februari 2017 Mahakama Kuu yao ilifuta jinai ya kashfa, na tarehe 25 Juni 2025, mamlaka ya mawasiliano ilipoagiza vituo visirushe maandamano moja kwa moja, mahakama ililisitisha agizo hilo siku ileile. Siku ileile, Waheshimiwa. Jua halikuzama mara mbili.

Uganda, mwaka 2004, Mahakama ya Juu ililifuta kosa la kuchapisha habari za uongo katika kesi ya Charles Onyango-Obbo na Andrew Mwenda. Hata hivyo Januari 2021, mkesha wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima. Ukifuta kosa ukaiacha swichi, umeziba tundu moja la pakacha.

Ofisini, meza ya jirani yangu anakaa bwana wa Kerala. Nilipomsimulia ya Oktoba alicheka kicheko kisicho na furaha. Kwao India, mwaka 2012, wasichana wawili walikamatwa kwa andiko la Facebook, mmoja aliyeandika na mwenzake aliyebofya kwamba amelipenda. Machi 2015 Mahakama ya Juu ya India ikakifuta kifungu cha 66A kilichotumika, na Januari 2020, katika shauri la Kashmir, ikasema amri ya kuzima intaneti lazima ichapishwe ili mtu aweze kuipinga. India bado inazima, tena sana. Lakini raia wake anayo karatasi ya kwenda nayo kwa hakimu. Mimi ile ya 29 Oktoba sijaiona hadi leo.

Na sisi hatuna haja ya kwenda mbali. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko Arusha. Mbele ya mahakama hiyo, Desemba 2014, mhariri wa Burkina Faso, Lohé Issa Konaté, alishinda kesi yake, na majaji wakasema kumfunga mtu jela kwa kashfa ni kuvunja haki zake. Lakini tangu Novemba 2020, baada ya nchi yetu kuondoa tamko lake la kuwaruhusu wananchi, Mtanzania hawezi tena kuifikia mahakama hiyo moja kwa moja. Mgeni wa upande wa pili wa bara alipokelewa ndani. Mwenye mji amebaki getini.

6. Hoja ya usalama

Najua jibu la serikali, na silidharau. Rwanda, mwaka 1994, redio ya RTLM iliwachochea watu kuua majirani zao. Kenya, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, jumbe za chuki zilipita simu hadi simu. Maneno yanaweza kuua.

Ila iangalieni RTLM ilikuwa ya nani: ya watu waliokuwa karibu na utawala. Swichi ilikuwepo. Walioishika hawakuona sababu ya kuizima, maana redio haikuwa ikiwasema wao. Hatari ya kumwachia mkubwa swichi ina pande mbili: atazima kinachomkera, na atakiacha kinachomfaa hata kama kinaua.

Tena kuzima hakuui uvumi, huupa nafasi. Usiku ule, mwandishi mmoja tu mwenye simu angeniambia ukweli wa Mbagala kwa dakika kumi. Kwa kuwa hakuweza, nikabaki na sauti ya mtu asiye na jina, na wahenga wametufundisha kwamba lisemwalo lipo. Novemba ileile Rais aliunda Tume ya kuchunguza yaliyotokea. Tume hiyo ililazimika kuyatafuta baadaye mambo ambayo wanahabari wangeyaandika siku yenyewe, saa yenyewe, mashahidi wakiwa bado wamesimama pale.

NINAYOOMBA

Kwa hayo, Waheshimiwa, naomba Bunge:

(a) Litunge kifungu kinachokataza kuzima intaneti au mtandao wowote wa kijamii bila amri ya Mahakama Kuu. Amri hiyo ichapishwe kabla ya kutekelezwa, itaje nani kaiomba, sababu, eneo, saa ya kuanza, saa ya kwisha na mahali pa kukata rufaa.

(b) Lifute kifungu cha 59 cha Sheria ya Huduma za Habari, na leseni ya gazeti igeuzwe kuwa usajili wa mara moja. Kampuni ya saruji ikishasajiliwa haiulizwi inafikiri nini.

(c) Litoe makosa ya uchochezi na ya habari za uongo katika jinai, ndani ya Sheria ya Huduma za Habari na ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Aliyechafuliwa jina afungue madai kama anavyofanya jirani aliyevunjiwa ukuta.

(d) Liitenganishe Kamati ya Maudhui na mtoa leseni, wajumbe wake wapatikane kwa uwazi, na chombo cha habari kiendelee na kazi hadi rufaa yake iishe.

(e) Liwaondolee sharti la leseni watu binafsi wanaoandika mtandaoni.

(f) Liishauri Serikali irudishe tamko la kuwaruhusu wananchi kwenda Mahakama ya Afrika.

Mkisema hayo ni ya waandishi wa habari, kumbukeni Januari 2016. Matangazo ya moja kwa moja ya vikao vyenu kwenye televisheni ya taifa, TBC, yalisitishwa kwa maelezo ya gharama. Siku ile aliyezimwa alikuwa mbunge, na mpiga kura wake wa Nachingwea au Micheweni akabaki kusimuliwa. Leo swichi iko upande wenu. Cheo ni dhamana, na kila muhula wapo wanaorudi uraiani. Mtakapokuwa huku tulipo sisi, mtaihitaji sheria ambayo hamkuitunga.

Jina langu sikuliandika hapo chini. Hapa nilipo nina kibali cha kazi cha kulinda, na huko nina mama. Mkiona huo ni woga, ihesabuni kuwa ni hoja ya saba.

Jumanne ilifika. Saa nne kamili bomba lilikohoa, likanyamaza. Nilikuwa nimejaza ndoo mbili na birika, nikapika chai, nikafanya kazi zangu. Saa saba na nusu maji yakarudi, mekundu kidogo kwa kutu, kisha yakasafika. Sikuwa na hofu hata dakika moja, kwa sababu niliambiwa. Jioni nilimpigia mama kumsimulia. Akasikiliza hadi mwisho, akaniuliza: "Kwa hiyo huko hata bomba huwa linaaga?"

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mhasibu, mtoto wa Mbagala
(jina nimemwachia mhariri)

Nakala:
Waziri mwenye dhamana ya habari
Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA)
Baraza la Habari Tanzania (MCT)